Yule fundi wa bushi wa Grogan amenimaliza leo, ati GRISI NI GRISI!!

Wasee nimetoka gereji yake pale Grogan, Nairobi, saa hii na mikono bado inatetemeka. Jina sitaji, si mnamjua, yule mzee wa kofia ya sufu kila mtu anakwambia peleka kwake huyo ni daktari wa sasipensheni. Daktari gani! Huyo hata jicho la mtu angelifungua na spana ya 17.

Mnajua hii gari nimejenga na mikono yangu huku Kayole, miaka mitatu, chesisi ya mabomba ya mraba nachomelea usiku majirani wakipiga kelele, ile muundo wa Lotus Seven ya 1957, magurudumu ya mbele yako nje kabisa. Bushi, zile pete laini za kwa viungo vya sasipensheni zinazuia chuma kugusana na chuma, za mbele ni za poli (plastiki ngumu), zilikuja na pakiti zake za grisi ya silikoni. Za nyuma ni za raba, zile zimeshikana na chuma ndani na nje, hizo HAZIPAKWI KITU, zinajipinda tu na kurudi. Nilikodi pikapu nikampelekea kwa sababu moja, ana presi ya kuingiza bushi na mimi sina. Nikaweka silikoni kwa meza akiona, nikaenda chai dakika kumi.

Kurudi napata kidole. Kidole cha mzee kimezama mpaka kwa fundo ndani ya mkebe wa Kasuku, grisi nyeusi imetolewa kwa beringi za lori lililobeba Nuhu, ina mchanga, ina nywele, na anapaka bushi ya RABA kama mama anapaka mtoto mafuta akienda shule. Raba na grisi ya kawaida wapi na wapi, inafura inakuwa laini kama ugali umemwagiwa chai! Na silikoni yangu iko pale pale haijafunguliwa, amewekelea chapati juu.

Nikamwambia mzee hapana. Akaniangalia, kidole kinadondosha, akasema gereji yote ikisikia: "Kijana, grisi ni grisi. Mimi nilikuwa napaka grisi kabla babako hajaoa."

Makanga wakacheka. Mama mandazi akacheka, na mimi ni kastama wake wa kila Jumamosi!

Alafu bolti zote za amu, ile mikono ya chuma inayoshika magurudumu, amekaza gari ikiwa juu ya stendi, magurudumu yananing'inia, nikiishusha hivyo raba zinabaki zimejinyonga mpaka zipasuke. Lakini hata hiyo ningesamehe. Ni kile kidole wasee. Kidole na grisi ni grisi.

NatiMoja: Pole mkuu. Legeza zote, shusha gari isimame kwa magurudumu yake, weka watu wawili kwa viti ndio ukaze. Raba osha na maji ya sabuni, usiguse petroli.

Mwenye uzi: Asante lakini wewe hukuona hicho kidole.

BudaUmoja: Miaka mitatu unajenga gari na huna presi? Bolti ndefu, washa mbili (zile pete bapa za chuma), soketi kubwa, unakaza bushi inaingia yenyewe. Mzee alikusoma mapema 😂

Mwenye uzi: Kwani ni babako?

Wa_Herald: Mwenye uzi ako sawa. Marehemu baba alikuwa na Triumph Herald, trunioni za mbele, vile viungo gurudumu linageukia, zinataka mafuta mazito ya gia ya EP90, si grisi. Fundi akapiga grisi kwa nipo, kile kitundu cha kuingizia mafuta, chuma ikajila ndani polepole, siku moja ikakatika gurudumu likalala tukitoka kanisani.

KijanaWaNgara: Ni yule wa kofia? Mimi alinitolea shoki zangu orijino akaniwekea zingine zimepakwa rangi. Rangi haikuwa imekauka!!

Mama Vitz: Nyinyi mnalilia grisi. Mimi nikifika gereji naulizwa mzee ako wapi tuongee na yeye. Gari ni yangu, pesa ni yangu, na mzee mwenyewe hajui boneti inafunguliwa wapi.

BudaUmoja: Mama, kwani hiyo Vitz yako inalia wapi, mbele ama nyuma?

Mama Vitz: Mbele kushoto nikipita matuta, kwiii kwiii.

Mwenye uzi: Jameni tunaongea juu ya KIDOLE.

KijanaWaNgara: Hiyo ni linki ya stebilaiza mama, usikubali uuziwe shoki.

NatiMoja: Ama bushi ya amu. Weka jeki uitingishe kwanza.

Wa_Herald: Na hiyo chapati ya Grogan siku hizi ni ngapi?