Tupeane uzoefu: walemavu tunaotafuta hapa Dar, mtaji wa kwanza ulitoka wapi? (Uzi wa kumkumbuka Mzee Mengi)

Magongo Mawili:
Wakuu habari za mchana. Kila Mei ikiingia namkumbuka Mzee Reginald Mengi, alifariki tarehe 2 Mei 2019 kule Dubai, akaletwa tukamuaga Karimjee halafu wakampeleka kwao Machame. Wengi wakimtaja wanataja ule mchana wa Diamond Jubilee alivyokuwa anatukusanya walemavu tunakula naye, pilau, picha, basi. Mi naona tunampunja. Kula tulikula ndiyo, ila mzee alikuwa anataka mlemavu awe na kitu chake cha kufanya. Na yeye mwenyewe alikuwa mhasibu tu, biashara kaanza kwa kuunganisha peni nyumbani kwake, hizi kampuni zake za IPP, na ITV na gazeti la Nipashe, zimekuja baadaye.

Kwahiyo huu sio uzi wa rambirambi. Sema ulianzaje, nani alikufungulia mlango, nani aliufunga. Ofisi msizitaje majina jamani, tusije kusumbuana.

Naanza mimi. Polio, mguu wa kulia, toka mdogo. Sasa bajaji breki yake inakanyagwa kwa mguu wa kulia na mimi huo mguu haukanyagi kitu. Kuna fundi wa kuchomelea Gerezani alichukua bomba la chuma, akalikunja, akalichomea kwenye pedeli ya breki likapanda mpaka usawa wa goti, ukilisukuma chini kwa mkono breki inashika. Ugumu ni kwamba mkono huohuo wa kulia ndo wenye mafuta, lazima uachie mafuta kwanza ndo ushuke kwenye bomba, mwanzoni unaona kama gari la mbele linakuja kukubusu ila ukizoea mkono unaenda wenyewe. Kazi haikuwa bomba lakini, kazi ilikuwa kumpata tajiri wa kukuachia chombo chake. Niliowafuata waliangalia magongo kwanza, sura baadaye. Aliyekubali alinipa kwa hesabu ya siku, alipoona hesabu haichelewi ndo tukaandikishana mkataba, nimeumaliza, bajaji ni yangu. Na kilichotubeba sana ni kuruhusiwa kuingia mjini kati wakati bajaji zingine zinaishia nje, abiria wa Posta walikuwa wanatutafuta wenyewe.

Fundi wa Tandika:
Mimi kiziwi. Nashona nguo za kike Tandika. Shule nilisoma Buguruni Viziwi, cherehani ya kwanza alinipa shangazi, ya kukanyaga, mkanda umekatika, nikatengeneza.
Tatizo langu sio kushona. Tatizo mteja anapiga simu. Anapiga anapiga, sipokei, anasema fundi kakimbia na kitenge. Nikaandika ukutani kwa rangi nyekundu USIPIGE TUMA MESEJI, na kwenye kadi za oda pia. Bado wapo wanaopiga 😂
Bei naandika kwa chaki kwenye meza ya kukatia kabla sijagusa kitambaa, mteja anaandika yake chini, tunafutiana mpaka tunakubaliana. Wengine walikuwa wanadhani kiziwi hawezi kubishana bei. Msimu wa Idi meza inajaa chaki.

Mtu wa Mbagala:
Mkuu mwanzisha uzi, mzee apumzike salama, ila mi sio shabiki wa hizi sifa. Tajiri mwenye TV akimlisha mlemavu lazima ionekane kwenye taarifa ya habari. Mimi kilichonitoa ni ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, wanawake asilimia 4, vijana 4, sisi walemavu 2, haina riba.
Na hiyo nayo isikieni. Tuliunda kikundi cha sabuni ya maji na batiki, tukaandika katiba, akaunti tukafungua, mwenyekiti wa mtaa kagonga muhuri. Kufika ofisini tunaambiwa wa mikopo ya walemavu yuko ghorofani, lifti hamna. Kikundi kina watu watatu wa viti vya magurudumu. Ikabidi dada wa watu, afisa maendeleo ya jamii, awe anashuka mwenyewe, fomu tunasainia kwenye siti ya bodaboda iliyopaki nje, na upepo huo makaratasi tumeyabana kwa tofali. Simlaumu yeye, alikuwa anashuka bila kununa. Nalaumu aliyepanga vyumba.
Tulipata raundi ya kwanza tukarejesha yote, tunajipanga kwa ya pili ndo Aprili 2023 serikali ikasimamisha mikopo nchi nzima ili waangalie utaratibu upya, imerudi 2024. Hapo katikati tuliishi kwa kikoba chetu wenyewe, na caustic soda bei inapanda tu.

Magongo Mawili:
@Mtu wa Mbagala sibishi, TV alikuwa nayo. Ila nikuulize, kabla ya hizo taarifa za habari wewe ulikuwa unaonaga mlemavu kwenye TV akifanya nini zaidi ya kuomba barabarani? Tajiri wangu aliniambia kabisa kwamba alimuona mzee yule kakaa meza moja na watu kama mimi. Sasa unaweza kusema ni promo, sawa, mimi hiyo promo imenipa bajaji.
Kwenye sheria niko na wewe. Ile ya 2010 ya watu wenye ulemavu inasema mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na kuendelea, asilimia 3 wawe walemavu. Anayejua kampuni iliyowahi kuulizwa hilo swali atuambie, maana mimi bado nasubiri.

Dada yake Muuza Karanga:
Mimi naona, mdogo wangu ndo haoni. Anauza karanga na ubuyu stendi. Watu wanaulizaga pesa anazijuaje, noti zetu hazilingani urefu, buku (elfu moja) ni fupi kuliko msimbazi (elfu kumi), anapima kwa vidole vyake, sekunde moja tu keshajua. Ya kuchakaa sana ndo inamsumbua, hiyo anaikataa.
Sasa mjini hapa. Kijana kachukua mzigo wa maana, anamwambia nimeshatuma kwa simu, mesej hiyo hapo. Mdogo wangu akamwambia subiri, simu yake ina ile sauti inayosoma, akaibonyeza, ikasoma salio kwa sauti stendi nzima inasikia, hamna kilichoingia. Mtaji wake ulitoka kwa mama, elfu thelathini na mfuko wa karanga, hamna mfadhili hamna Mengi. Ila ITV anaipenda, kila taarifa ya saa mbili lazima aisikilize.

Kofia Pana:
Albino hapa, wakala wa pesa Temeke. Kifupi tu: kazi ya juani usikubali hata wakupe hela gani, nilizunguka na vocha nikaharibika masikio. Mtaji wangu wa kwanza mimi ulikuwa kivuli, jirani kaniachia kibaraza chake bure miezi ya mwanzo. Losheni ya kuzuia jua natumia ile inayotengenezwa hospitali ya KCMC Moshi, ukiipata usiigawe.

Mtu wa Mbagala:
Haya mkuu bajaji umeshinda 😅 nipe basi huyo fundi wa Gerezani, kwenye kikundi kuna kijana anataka kuanza, yeye mguu wa kulia pia.

Magongo Mawili:
Njoo inbox nikupe namba. Mwambie kijana aende na chombo chenyewe, fundi anapima bomba mtu akiwa amekaa kwenye siti, urefu wa mkono unatofautiana. Na bei ya kwanza asikubali, yule mzee anaanziaga juu makusudi.