Mbwa wetu Bobi anaondoka leo

Mama: Wanangu, Bobi hakulala kabisa. Damu puani imerudi. Nimemfunua mdomo, fizi nyeupe pe. Supu ya sato ameilamba kidogo, akageuza kichwa.

Dada: Shikamoo mama. Jamani, si ile dawa ya doksi ilikuwa imemsaidia? 😭

Mama: Marahaba. Ilimsaidia mwanzoni. Daktari wa mifugo anasema homa ya kupe ikishaharibu uboho, mwili hautengenezi tena damu ya kutosha. Anakuja saa kumi kumchoma sindano ya kumpumzisha.

Shangazi: Wifi, si mngemwachia Mungu tu? Huyo mbwa alimleta marehemu kaka yangu mwenyewe, akiwa mdogo anaenea kiganjani.

Kaka: Shangazi, shikamoo. Najua. Lakini hujamsikia usiku. Akitaka kukojoa miguu inakataa, analia mpaka nimbebe nje. Bobi huyu aliyekuwa ananisindikiza alfajiri mpaka mwaloni, kisha anarudi nyumbani mwenyewe! Kumwacha hivi ni kumtesa.

Shangazi: Nimekuelewa baba. Itamuuma?

Kaka: Kwanza anapewa ya usingizi. Akishalala fofofo ndipo anachomwa ya pili, moyo unasimama. Macho yanabaki wazi, daktari ametuambia tusishtuke.

Dada: Nimeshatoka Geita. Nashukuru daraja la Busisi lipo, kivuko kingenichelewesha. Nikishuka stendi Nyegezi nachukua boda. Mama, naomba mnisubiri.

Mama: Tutakusubiri.

Ba Mdogo: Chini ya mwembe nimegonga mwamba. Nimehamia kwenye migomba, udongo unakubali. Nachimba mpaka usawa wa kiuno, mbwa wa mtaani wasije kumfukua.

Mama: Asante sana shemeji.

Mama: Bobi ametutoka. Dada yenu aliingia daktari ameshafika. Bobi hakuweza kuinuka, ila alipomsikia sauti alipiga mkia sakafuni. Amelala kichwa kikiwa mapajani pake.

Shangazi: Poleni sana wanangu. Nimelia huku Kirumba. Kesho nakuja.

Ba Mdogo: Tumemzika, nimepanga mawe juu. Jirani kaja kutupa pole, na yeye ana mbwa wawili. Nimemwambia wale kupe wa kahawia wanajificha kwenye nyufa za ukuta, kuogesha mbwa peke yake hakutoshi.

Kaka: Kesho napulizia dawa banda na ukuta wote.

Mama: Mwambie jirani mbwa wake wapimwe damu mapema, asisubiri mpaka watokwe damu puani.