Sanduku la Kuka, yaani Babu (grupu ya ukoo)

Senje (shangazi) Mumias: Hamjambo watoto wangu. Leo tumehamisha kitanda cha marehemu kukhu, nyanya yenu, na huko nyuma tukapata sanduku la bati la kuka. Ndani kuna barua ya penseli ya 1944, noti ngeni na kitambaa cha bega kina kichwa cha kifaru. Natuma picha

Dan Nakuru: Woi Senje!! hizo noti zinabadilishwa wapi? kuna jamaa huku hununua vitu vya zamani

Baba Mdogo Kisumu: Dan haziuzwi hizo. Ni rupia Wajapani walichapisha walipoteka Burma 1942 kwa Vita vya Pili vya Dunia, na waliposhindwa 1945 zikabaki karatasi tu ndio maana askari walikuja nazo kama kumbukumbu. Kifaru ni alama ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, wale KAR (King's African Rifles, askari Waafrika wa jeshi la Mwingereza) walipita bonde la Kabaw 1944 kwa mvua na malaria mpaka Kalewa, Desemba wakavuka mto Chindwin. Kuka alikuwa huko jameni

Mama Tifa: Senje tusomee barua, kwa picha haionekani

Senje Mumias: Imefifia nimeisoma kando ya dirisha. "Mke wangu salamu nyingi sana, mimi ni mzima hofu ni kwenu. Hapa ni mvua tu na matope yanafika goti. Kila siku tunameza dawa hata macho yamekuwa manjano lakini mama asiogope si ugonjwa. Ile ng'ombe nyeupe isiuzwe. Niko" halafu hapo karatasi imekatwa na wembe

Dan Nakuru: nani alikata??

Baba Mdogo Kisumu: Ofisa. Barua zote zilisomwa kwanza, jina la mahali linatolewa. Kwa hivyo kukhu alijua tu bwanake yuko ng'ambo, hakuna mtu wa kumwambia ni wapi. Hiyo dawa ni mepakrini ya malaria, iligeuza ngozi manjano kweli. Na huo mwandiko si wa kuka, hakusoma shule, mwenzake ndiye alimwandikia

Senje Mumias: Ndiyo, chini kuna alama ya kidole gumba. Nimekiangalia nikalia

Mama Tifa: 😭😭 na ng'ombe?

Senje Mumias: Kukhu alikataa kabisa kuiuza, ndama wake ndio walitoa mahari ya baba yenu mkubwa

Baba Mdogo Kisumu: Kuna familia hazikupata hata barua. Meli Khedive Ismail ilizamishwa 12 Februari 1944 ikitoka Mombasa kwenda Colombo, watu zaidi ya 1,200 wakafa, wengi vijana wa huku kwetu Afrika Mashariki. Sisi tumeachiwa mpaka kidole cha mzee, hiyo kitu haitoki kwa boma

Dan Nakuru: Sawa baba mdogo, nakuja Jumamosi na skana ya ofisi kila mtu apate kopi yake

Senje Mumias: Karibu mwanangu

Baba Mdogo Kisumu: Na Senje tafadhali usiipige seloteki wala isipelekwe kuwekwa plastiki pale mjini, ule moto utaimaliza. Iweke kwa bahasha safi mbali na jiko

Mama Tifa: Dan pitia Kisumu unibebe, nakuja na watoto waione kwa macho yao