Naomba ushauri: bolti ya egzosi imekatikia kwenye hedi

Assalam aleikum ndugu zangu. Niko Likoni, Mombasa, ambako hewa ya chumvi haiachi chuma salama, na nilikuwa nikibadilisha nyumbani gaskiti ya manifoldi ya egzosi ya gari langu, yaani bomba linalokusanya moshi kutoka kwenye injini. Bolti zote zimetoka isipokuwa mbili za nyuma zilizoganda kwenye hedi ya aluminiamu, yaani sehemu ya juu ya injini. Moja imekatika, kikabaki kipande cha milimita 5 hivi, chenye kutu inayobanduka kama magamba ya samaki.

Kwa siku tatu nimekimiminia mafuta ya kulegeza kutu asubuhi na jioni na kukigonga taratibu, bila mafanikio. Fundi mmoja amenishauri nichomelee nati juu yake, kwa kuwa joto huvunja mshiko wa kutu, nami naona hoja yake ina mantiki, ila naihofia hedi, maana aluminiamu huyeyuka mapema sana kuliko chuma.

Waliowahi kufanya hivyo, mlisubiri ipoe kiasi gani kabla ya kuizungusha? Na ile nzima, niikaze kidogo kwanza ndipo niifungue? Gari hili ndilo humpeleka mama kliniki. Sitaki kabisa kuharibu hesi za tundu.