Jioni ya visa vya watafiti: tuifanyeje isigeuke semina?

Darubini: Habari wakuu. Idara yetu ina watafiti kama 40, kila mtu na meza yake, salamu ni za kwenye ngazi tu. Tunataka kuandaa jioni ya kusimuliana visa vya kweli vya maisha ya utafiti. Wasimuliaji wangapi, dakika ngapi, na nini huharibu?

Msimulizi: Watano wanatosha, dakika 8 kila mmoja. Slaidi marufuku: zikiwepo, macho yote yanahamia ukutani na mtu anaishia kusoma ripoti. Kinachoharibu zaidi ni wasifu, "nilisoma hapa, nikahamia pale". Kisa kinataka tukio moja, mahali, saa, na kitu ambacho msimulizi angeweza kukipoteza. Aanzie palepale penye moto: friza imezimika usiku, sampuli za miaka 3 zinayeyuka. Historia ya masomo itaingia kwa sentensi mbili, ikihitajika.

Mazoezi yawe mawili. La kwanza wiki 2 kabla, kwa mdomo, bila karatasi. La pili siku 3 kabla, kwa kupima muda. Asikariri yote, maana akisahau neno moja anapotea kabisa. Akariri sentensi ya kwanza na ya mwisho.

Kiti_cha_Nyuma: Mmesahau vyeo. Mwanafunzi wa uzamivu hafunguki mbele ya msimamizi wake mpaka msimamizi atangulie, tena kwa kosa lake, si kwa tuzo aliyopata. Wakubwa wakikataa, afadhali wanafunzi wakae peke yao.

Na maswali baada ya kisa hapana! Wanasayansi hawa hawa wataanza kuhoji ukubwa wa sampuli. Wekeni mapumziko ya dakika 20 baada ya kisa cha tatu, watu wazungumze wamesimama. Kufahamiana kwenyewe hutokea hapo.

Darubini: Na kurekodi? Na mtu akilia?

Msimulizi: Mara ya kwanza msirekodi. Baadaye, kwa ridhaa ya maandishi tu. Wagonjwa na washiriki wa utafiti wasitambulike. Ugonjwa ukiwa adimu, kubadili jina hakutoshi. Machozi si tatizo, ila anayeshindwa kumaliza kisa katika mazoezi yote mawili, kidonda chake bado kibichi. Achague kingine.

Kiti_cha_Nyuma: Kabla ya zoezi la kwanza sikilizeni pamoja visa viwili vya Story Collider, kundi linalosimulia visa vya kweli vya sayansi jukwaani na kwenye podikasti, walioanza Marekani mwaka 2010. Ni vya Kiingereza, ila angalieni kila kisa kinaanzia wapi.