Tangi la mbuna: nitriti haishuki na pH imeporomoka, je, nianze upya?

Mgeni_wa_Mbuna aliuliza:

Salaam, wanajukwaa. Nimo katika siku ya 24 ya kukomaza, yaani kuotesha bakteria wa kusafisha maji kabla ya samaki kuingia, tangi la lita 250 nililolikusudia mbuna, wale sikilidi wa miambani wa Ziwa Nyasa. Ndani hamna samaki hata mmoja. Kila jioni natia amonia safi, isiyo na manukato wala sabuni, hadi kipimo kisome miligramu 2 kwa lita, na joto la maji nimeliweka nyuzi 27. Siku 10 za mwanzo hakukuwa na badiliko lolote, kisha amonia ikaanza kupungua, na sasa ninayoitia jioni siikuti jioni inayofuata. Tatizo ni nitriti: maji ya kipimo yanageuka zambarau iliyokolea mara tu matone yanapoyagusa, na hali imekuwa hivyo kwa siku 12 mfululizo. pH nayo, iliyokuwa 8.0 nilipoanza, jana ilisoma 6.6.

Kuna jambo jingine ambalo linanitia wasiwasi. Siku ya 15 maji yaliingia ukungu mweupe, nikadhani chujio limeziba, nikaitoa sponji na kuisuuza chini ya bomba mpaka ikatakata. Je, niliua bakteria wote? Nimwage maji yote nianze upya, au naweza kutia mbuna 6 sasa, maadamu amonia ni sifuri na maji yanang'aa?

Mlezi_wa_Maji alijibu:

Ndugu, usianze upya, na samaki usitie bado. Bakteria wanaokula amonia wako hai, la sivyo isingeisha ndani ya siku moja. Klorini ya bomba bila shaka iliwapunguza, hasa wale wa kundi la pili wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati, kwa sababu hao huchelewa kuota, lakini hawakai kwenye sponji peke yake. Wengine wamejishikiza kwenye mawe, mchanga na kuta za mabomba ya chujio. Ukungu ulioutaja ni bakteria wa aina nyingine wanaofumuka katika tangi jipya, nao huondoka wenyewe baada ya siku chache bila kuguswa.

Kuhusu nitriti, naomba tufanye hesabu. Kila miligramu moja ya amonia ikiliwa huzaa takriban miligramu 2.7 za nitriti. Umekuwa ukitia miligramu 2 kwa siku, na kwa siku 14 zilizopita hizo ni 28, maana yake tangi lako limezalisha nitriti inayozidi miligramu 70 kwa lita, ilhali vipimo vingi vya matone huishia 5. Zambarau ya 5 na zambarau ya 70 hazitofautiani machoni, kwa hiyo inawezekana nitriti imeanza kushuka na wewe hujapata njia ya kuiona. Chukua mililita 1 ya maji ya tangi, ichanganye na mililita 9 za maji yaliyotoneshwa, upime mchanganyiko huo, kisha uzidishe jibu kwa 10.

Suala la pH ndilo kubwa zaidi, na linatokana na kazi hiyo hiyo. Bakteria hawa hula ualkali wa maji, yaani akiba inayozuia pH isishuke, wanapofanya kazi: kila miligramu ya nitrojeni iliyomo katika amonia hugharimu miligramu 7 hivi za ualkali, ukiupima kama kalsiamu kaboneti. Amonia uliyoitia imekwisha kula zaidi ya miligramu 150 kwa lita, yaani huenda maji yako yamebaki bila kinga yoyote. pH ikishuka chini ya 7 bakteria huzorota, na inapokaribia 6 karibu wasimame kabisa.

Simamisha amonia kwa siku mbili. Badilisha asilimia 80 ya maji kwa maji yenye joto sawa na yaliyotiwa dawa ya kuondoa klorini. Usitegemee kuyalaza usiku kucha, kwani kama yana kloramini, yaani klorini iliyounganishwa na amonia, haitaondoka kwa kulala. Kisha yeyusha gramu 30 za sodiamu baikaboneti katika ndoo na uzimimine taratibu, ambazo kwa lita 250 zitakuongezea ualkali wa takriban miligramu 70 kwa lita. Weka pia kokoto za matumbawe ndani ya mfuko wa wavu kwenye chujio, nazo zitayeyuka kidogo kidogo na kuizuia pH isiporomoke tena. Ukirudi kwenye amonia, tia miligramu 2 kila baada ya siku mbili, si kila siku.

Mkongwe wa Changarawe alijibu:

Nakubaliana na hesabu, ila naomba kutofautiana kidogo kuhusu kusubiri. Sisi wa zamani tulianza na samaki wawili watatu wastahimilivu, tukabadilisha maji kila siku, na matangi yalikomaa. Je, si afadhali atie mbuna wachache badala ya kuendelea na chupa ya amonia kwa wiki nyingine tatu?

Mapezi_Samawati alijibu:

Mkongwe, nakuheshimu, lakini nami nilipita njia hiyo na samaki 5 kati ya 8 walikufa ndani ya wiki mbili. Wa mwisho alijisogeza penye maji yanayorudi kutoka kwenye chujio, mdomo ukigusa uso wa maji, na matamvua yakipepea bila kupumzika. Nilipomtoa na kuinua kifuniko cha matamvua, mahali palipopaswa kuwa pekundu palikuwa na rangi ya kutu. Hiyo ni athari ya nitriti: huibadilisha hemoglobini isiweze kubeba oksijeni, na samaki hukosa pumzi ndani ya maji yenye hewa tele.

Tena, mbuna si samaki wa kujaribia. Maji ya Ziwa Nyasa yana pH kati ya 7.7 na 8.6, na ya Ziwa Tanganyika hukaribia 9, nasi tunajitahidi kuwawekea maji kama hayo. Katika nyuzi 25, pH ikiwa 7, sehemu ya amonia iliyo katika umbo lenye sumu kali haifiki asilimia 1. pH ikiwa 8.5 sehemu hiyo hufika asilimia 15 hivi. Kipimo kinaonyesha namba ile ile, lakini sumu imeongezeka zaidi ya mara 20. Kwa sababu hiyo pia, asipandishe pH kwa ghafla mtu ambaye tayari ana samaki na amonia katika tangi moja.

Ukitaka kufupisha muda, omba kipande cha sponji kutoka kwenye tangi lililokomaa na lisilo na ugonjwa, ukisafirishe kikiwa kimelowa, na ukitie kwenye chujio lako saa hiyo hiyo.

Mgeni_wa_Mbuna aliandika:

Nawashukuru sana. Kwa kupima kwa kuchanganya niliona 40, kumbe ilikuwa imeshaanza kushuka. Nilibadilisha maji, nikaweka matumbawe, na pH imetulia kwenye 8.1. Leo ni siku ya 36, na kwa siku tatu mfululizo miligramu 2 za amonia zimeisha ndani ya saa 24 na nitriti ni sifuri. Nitrati imefika 80. Je, nianze na wale 6?

Mlezi_wa_Maji alijibu:

Sasa tangi limekomaa. Badilisha maji mengi kwanza ili nitrati ishuke chini ya 20, kisha tia samaki kesho yake, maana bakteria wakikosa chakula kwa muda mrefu watapungua.

Mbuna 6 ni wachache kwa lita 250, kwani dume mbabe atamwandama mmoja hadi amuue. Watie 12 hadi 15 wadogo kwa pamoja, majike wakiwa wengi kuliko madume, uanze na wapole kiasi kama Labidochromis caeruleus, na umwepuke Melanochromis auratus kwa sasa. Mawe yakae juu ya sakafu ya tangi, mchanga ufuate, kwa sababu mbuna huchimba na jiwe lililokaa juu ya mchanga litaangukia kioo. Chakula kiwe cha mwani kwa sehemu kubwa na kidogo kidogo, kwa kuwa utumbo wao mrefu umeumbwa kwa mwani wa miambani.

Kila wiki badilisha asilimia 30 ya maji. Sponji isuuzwe tu mtiririko unapopungua, ndani ya ndoo ya maji uliyoyatoa kwenye tangi, ukiibinya mara mbili tatu na kuirudisha ikiwa bado ina rangi ya kahawia.

Mgeni_wa_Mbuna aliandika:

Ndoo hiyo nimeshaitenga, wala haitatumika kwa kazi nyingine. Samaki 12 wanaingia Jumamosi, nami nitapima amonia na nitriti kila siku kwa wiki mbili za mwanzo.