Bustani za mimea za zamani zenye zoo pembeni: ulienda kuona nini, ukaishia kuona nini? Tupeane uzoefu

#1 (mleta mada)
Wakuu, habari za saa hizi. Juzi nilikwama Entebbe, ndege yangu ya usiku na hoteli nimeshatoka asubuhi. Boda akaniambia, "Ssebo, uwanjani utakaa kufanya nini? Nenda bustanini." Bustani ni ya mwaka 1898, inashuka taratibu mpaka Ziwa Viktoria, na zoo ipo jirani. Zoo ilianza 1952 kama pa kulelea wanyama yatima.

Mimi nilimfuata ndege mmoja tu, yule wa kijivu mwenye mdomo kama kiatu cha mbao. Nikamkuta kasimama. Dakika ishirini, kasimama vilevile, hata jicho hapepesi. Nikajua hapa nimepigwa, hii sanamu. Nageuka kununua soda, nasikia nyuma ta-ta-ta-ta kama bunduki, watoto wa shule wanashangilia. Kumbe mtunzaji wake kapita, jamaa anamwinamia na kumgongeshea mdomo, ndiyo salamu yake. Nilipogeuka keshamaliza. Kasimama.

Nyie je?

#2
Hahaha pole mkuu. Mimi bustani hiyohiyo niliibiwa. Nimekaa kwenye nyasi na rolex yangu ya moto, ile chapati ya Waganda ya kuviringishia mayai, mayai mawili, nyanya nyingi, nimeuma mara moja tu. Tumbili katokea ubavuni, kanyofoa, kapanda. Juu zaidi mbega wametulia na mashuka yao meupe mgongoni, wanaangalia kama wazee wa baraza. Nikampigia shemeji wa Kampala kwamba nimeporwa rolex. Akaniuliza kama nimeshafika polisi, na ilikuwa ya dhahabu au ya kawaida.

#3
Niko Paris, naongelea Jardin des Plantes. Bustani ilianzishwa 1635 kwa ajili ya mimea ya dawa, kuingia bure. Zoo iliyo ndani, Ménagerie, ni ya 1794 na unakata tiketi. Kwa mtu aliyezoea Mikumi ni padogo, tusidanganyane.

Ila kuna habari ya twiga. Muhammad Ali, mtawala wa Misri, alimtuma zawadi kwa mfalme wa Ufaransa, akashushwa Marseille, na mwaka 1827 akatembea kwa miguu mpaka Paris. Alikamatwa Sudan akiwa mtoto. Msudani mmoja, Atir, alikuja naye na akabaki hapo bustanini kumtunza. Twiga aliishi humo mpaka 1845.

Nilimsimulia binti yangu wa miaka saba. Mimi nilitegemea aulize twiga alikuwa na urefu gani. Akaniuliza, "Baba, Atir alikuwa anaongea naye kwa lugha gani?" Huyu mtoto shuleni ni Kifaransa siku nzima, Kiswahili anakipata kwangu tu jioni. Nikasema ya nyumbani kwao. Akasema, "Basi twiga alikuwa na bahati." Tukaenda kula aiskrimu.

#4
Sisi wa Posta, Dar, tuna ya kwetu ya 1893, karibu na Makumbusho ya Taifa. Zoo hakuna, na ndiyo maana watu hawaingii. Mwaka niliokuwa natafuta kazi ile ndiyo ilikuwa ofisi yangu: bahasha ya kaki kwenye benchi, kiatu nimevua kipumue. Mzee wa kufagia akanionyesha mnazi wa Shelisheli, ule ambao mbegu yake ni kubwa kuliko zote duniani. Akasema hauna haraka kama niliyokuwa nayo mimi. Siku hiyo sikucheka.

#5
Mleta mada, kiingilio cha zoo ya Entebbe kikoje? Naenda na familia Desemba.

#1 (mleta mada)
Mkuu, bebeni vitambulisho. Nilionyesha cha Tanzania, nikalipa bei ya Afrika Mashariki, siyo ya wazungu.

#2
Na rolex malizeni nje ya geti.